Msondo, Sikinde na Bendi za Mashirika

Kati ya mwaka 1964 na mwisho wa miaka ya 1980, bendi nyingi kubwa za muziki wa dansi nchini Tanzania zilikuwa mali ya vyama, viwanda, majeshi na mashirika ya umma. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi yake, kiwanda cha nguo kilikuwa na yake, na Shirika la Bima, Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na umoja wa vijana wa chama tawala hali kadhalika. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, akipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani au fundi mitambo. Nyimbo ambazo leo hupigwa redioni kama zilipendwa, na ambazo waliokuwa vijana wakati ule wanazijua mstari kwa mstari, kwa sehemu kubwa zilitoka katika utaratibu huo. Uzuri wa nyimbo hizo, na namna bendi zenyewe zilivyodhoofika baadaye kwa muda mfupi, haviwezi kuelezwa bila kwanza kuuliza vyombo vilikuwa vya nani.

Dansi yenyewe ni kongwe kuliko ajira hiyo. Katika miaka ya 1920 na 1930, vijana wa mijini waliopata elimu kidogo, makarani na walimu na watumishi wa maofisini, walianza kuunda klabu za kucheza dansi ya wawili wawili, hasa katika miji ya pwani, huku ngoma ya beni iliyotangulia ikianza kupoa. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, huhesabiwa miongoni mwa bendi za kwanza. Hiyo jazi iliyokuwa katika majina ya bendi haikuwa ya Marekani. Kilichowavutia wapigaji kilikuwa santuri za Kuba zilizoingia Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930, na kutoka humo wakajifunza son, rumba na cha-cha-cha. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari waliorudi kutoka vitani na wafanyakazi waliomiminika mijini waliongeza idadi ya wasikilizaji, na bendi zikaongezeka.

Bendi za kipindi hicho zilikuwa klabu za watu wa asili moja waliokutana ugenini. Western Jazz ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1944 na Iddi Nhende wa Nzega, ikabeba jina la Jimbo la Magharibi. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyoanza mwaka 1958, iliwakusanya watu wa kusini, na Rufiji Jazz na Ulanga Jazz nazo zilijieleza kwa majina yake. Wanachama walichanga fedha za kununulia magitaa na tarumbeta, na vyombo vikawa mali ya klabu. Wapigaji walikuwa na kazi nyingine mchana. Dansi ilipigwa mwisho wa juma, kwenye harusi na kwenye sikukuu, na kilichopatikana mlangoni kilirudi kwenye mfuko wa klabu.

Morogoro ndiko klabu za aina hii zilikofikia kilele. Salum Abdallah, mwana wa mji huo, alianzisha kundi mwaka 1948 na kulipa jina la La Paloma, ambalo baadaye likawa Cuban Marimba. Alirekodi santuri nyingi, zikiwemo za kampuni ya Mzuri ya Mombasa, na sauti yake ikasikika hadi Kenya na Kongo. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, naye Juma Kilaza akaishika bendi. Wapinzani wao wa mji mmoja, Morogoro Jazz, walikuwapo tangu mwaka 1944, na katikati ya miaka ya 1960 walimpata kijana aliyekuwa na umri kama wa bendi yenyewe: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mzaliwa wa mwaka 1944.

Mbaraka alikuwa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Solo yake haikujaza nafasi kati ya beti tu. Ilijibizana na sauti, ikairudia sentensi aliyoiimba na kuipindua. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 huko Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliiacha bendi hiyo akaanzisha yake, Orchestra Super Volcano, na kuelekeza nguvu kwenye kurekodi Nairobi. Wimbo wake "Shida" ulinunuliwa kwa wingi Kenya na Tanzania. Aliaga dunia Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na miaka 34. Kwa wasikilizaji wa rika lake hakuna mwingine aliyewahi kukaa kwenye kiti chake, na wapiga solo wawili watatu waliomfuata wamepimwa kwake mpaka leo.

Wakati Mbaraka anaanza kusikika, Dar es Salaam ilikuwa imeshaingia katika utaratibu mpya. Mwaka 1964 chama pekee cha wafanyakazi kilichoruhusiwa, NUTA, kiliunda bendi. NUTA Jazz ilikusanya wanamuziki wenye uwezo kutoka klabu mbalimbali, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji kijana kutoka Kisarawe, na ikawalipa mishahara. Mtindo wake uliitwa Msondo, jina lililotoka katika ngoma za Wazaramo. Mishahara hiyo ilibadilisha kila kitu. Mwanamuziki aliyekuwa akifanya mazoezi jioni akiwa amechoka kwa kazi nyingine sasa alifanya mazoezi asubuhi, kila siku, akiwa kazini. Wengi wanaosifu mpangilio wa nyimbo za kipindi hicho, namna magitaa yanavyoingiliana bila kugongana na namna tarumbeta na saksafoni zinavyoingia kwa pamoja, wanasifu matunda ya saa hizo za mazoezi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mfano wa NUTA ulienea. Sababu moja ilikuwa ya siasa: serikali ilitaka utamaduni wa taifa, na bendi ilikuwa chombo cha kufikisha ujumbe kwa watu waliokuja kucheza. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye kumbi za Dar es Salaam, hatua inayoonyesha jinsi suala la nini vijana wacheze lilivyochukuliwa kwa uzito. Sababu ya pili ilikuwa ya fedha. Vyombo vya umeme, vipaza sauti na hata nyuzi za magitaa vilitoka nje, na kadiri miaka ya 1970 ilivyosonga fedha za kigeni ziliadimika. Mtu binafsi hakuwa na njia rahisi ya kuagiza seti kamili ya vyombo. Shirika la umma liliweza. Kiwanda cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz iliyoongozwa na Juma Mrisho, maarufu kwa jina la Ngulimba wa Ngulimba. Vijana wa chama tawala, TANU, wakawa na Vijana Jazz, Polisi wakawa na Polisi Jazz, jeshi likawa na Mwenge Jazz. Baadaye Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, na kampuni ya kukata almasi ya Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, ambako mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa waliimba kwa sauti zilizoshabihiana kiasi cha kumchanganya msikilizaji.

Mikoa nayo haikukaa kimya. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi mbili zilizogawa mji. Tabora Jazz ilikuwa na Shem Karenga na wimbo "Dada Asha". Wanamuziki kadhaa walijaribu njia ya nje ya mashirika: Patrick Balisidya na Afro 70, bendi iliyoiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC la Lagos mwaka 1977, na Marijani Rajab, kwanza na Safari Trippers na kisha Dar International. Marijani, aliyepewa jina la Jabali la Muziki, alikuwa mtunzi wa visa. "Georgina" na "Zuwena" ni hadithi zenye wahusika na mwendo wa matukio, na alizisimulia kwa sauti nyororo isiyo na haraka.

Kila bendi ilikuwa na mtindo, na kila mtindo ulikuwa na jina. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, Afro 70 Afrosa, Vijana Jazz Pambamoto, Bima Lee Magnet Tingisha. Mtindo ulikuwa namna ya kucheza, lakini pia ulikuwa alama ya bendi, na shabiki alijitambulisha kwa mtindo kabla ya kutaja bendi.

Wimbo wenyewe ulijengwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza huenda polepole: utangulizi wa gitaa au wa tarumbeta na saksafoni, kisha beti zinazobeba kisa, zikiimbwa na mmoja na kupokewa na wengine kwa sauti mbili au tatu. Baada ya dakika tatu au nne ngoma hubadilika, tumba na drams huongeza mwendo, solo hupanda juu na kuanza kurudia vipande vifupi, na waimbaji hubaki na kiitikio kifupi wakiwahimiza wachezaji. Magitaa yalikuwa angalau matatu, la solo, la rithimu na la besi, na bendi nyingi ziliongeza la nne lililokaa kati ya solo na rithimu. Besi ya Kitanzania inastahili kusikilizwa peke yake: haihesabu mapigo tu, inazungumza, na mara nyingi huacha pengo pale ambapo sikio linaitarajia.

Maneno yalibeba uzito uleule. Nyimbo za dansi zilikuwa barua, malalamiko ya ndoa, wosia wa wazazi, kesi za mawifi na habari za walevi na wadeni. Zipo pia za siasa. Bendi zilitunga kwa ajili ya Azimio, vijiji vya ujamaa na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na nyingine zilikuwa nzuri, ingawa zilizobaki vinywani mwa watu ni zile za nyumbani. Mashairi yalipitiwa na wakaguzi wa redio kabla ya kurekodiwa, na hilo liliwafanya watunzi wawe hodari wa mafumbo, sanaa ambayo Kiswahili cha pwani kilikuwa nayo tayari kwa karne nyingi. Ugomvi wa mke na mume katika wimbo ungeweza kuwa ugomvi wa bendi na mwimbaji aliyehama, na wapenzi wa dansi walijua kuufumbua.

Redio ndiyo iliyokuwa kampuni ya santuri ya nchi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na waliotaka kurekodi kwa ajili ya kuuza walikwenda Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, njia hiyo ikawa ngumu. Bendi zilibaki na studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, katika Barabara ya Pugu. Huko bendi nzima ilipiga wimbo kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, na aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo. Wimbo ulikuwa umekwisha kupigwa kumbini mara nyingi kabla ya kufika hapo. Ndiyo maana rekodi hizo, pamoja na mipaka ya mitambo, zina uhai ambao studio nyingi zenye vifaa zaidi hazikuupata. Bendi ililipwa ada ndogo, mkanda ukabaki maktaba ya redio, na wimbo ukasikika nchi nzima.

Wapo waliokwenda Nairobi na kubaki. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa Tanga walivuka kutoka Arusha mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 wanamuziki wao wengi walitoka na kuunda Les Wanyika, bendi ya "Sina Makosa", wimbo ambao besi yake ya Tommy Malanga inatambulika kwa noti chache za mwanzo. Kenya iliwapa santuri na kampuni za kuzisambaza, lakini pia iliwapa wasiwasi wa vibali vya kazi.

Kutoka magharibi, mkondo ulikuja kwa upande mwingine. Wanamuziki wa Kongo, hasa wa mashariki na wa Katanga ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao, waliingia Tanzania kuanzia miaka ya 1960. Ndala Kasheba alifika mwaka 1968 akitokea Lubumbashi na bendi ya Fauvette, akapata umaarufu kwa gitaa lake la nyuzi 12 na kwa wimbo "Dezo Dezo". Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilifika Maquis du Zaire, baadaye Orchestra Maquis Original, iliyofanya ukumbi wa White House, Ubungo, kuwa ngome yake na kuleta mtindo wa Kamanyola. Maquis ilitofautiana na bendi za mashirika kwa jambo kubwa: wanamuziki wenyewe waliunda kampuni wakamiliki vyombo vyao. Mzee Makassy naye alikuwa na Orchestra Makassy, na ndiyo iliyomleta Dar es Salaam mwaka 1978 mpwa wake Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu. Remmy alihamia Super Matimila, akaimba habari za wanyonge na kifo kwa uwazi uliowashangaza wengi. Wimbo wake wa kuhimiza kondomu, "Mambo kwa Soksi", haukupigwa redioni, ila watu waliujua. Eneo la Sinza kwa Remmy lina jina lake hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1978 ndipo ulipoanza ushindani ulioupa muziki wa dansi nguvu zake za mwisho na kubwa kuliko zote. Shirika la usafiri na teksi, TTTS, liliunda Mlimani Park Orchestra. Wanamuziki wake wengi wa kwanza walitoka Dar International, na kutoka bendi ya wafanyakazi alikuja Gurumo mwenyewe, baada ya miaka 14. Kulikuwa na Cosmas Chidumule, mwimbaji wa sauti ya juu na mtunzi wa nyimbo za huzuni. Abel Balthazar na Joseph Mulenga kwenye magitaa. Na juu ya wote Michael Enoch, aliyekwisha kujijengea jina kwa gitaa la solo Dar es Salaam Jazz na ambaye sasa alipuliza saksafoni na kupanga muziki. Mtindo uliitwa Sikinde, nao pia umetoka katika ngoma za Wazaramo. TTTS lilipoyumba, bendi ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC.

Upande wa pili walikuwa NUTA, ambao chama chao kilipobadilishwa kuwa JUWATA nao walibadili jina. Walibaki na mpiga tarumbeta Joseph Lusungu na mpiga solo Said Mabera, na mwaka 1982 wakampata TX Moshi William, mtunzi aliyeipa bendi nyimbo zilizoibeba kwa miaka zaidi ya ishirini. Jiji liligawanyika. Wapenzi wa Msondo walijiona wenye dansi yenye uzito na asili. Wa Sikinde walisifu ufundi, upangaji na utamu wa sauti. Hassan Bichuka aliimba kwa nyakati tofauti pande zote mbili, na kila alipohama ilikuwa habari ya mtaani. Mwenye kusikiliza leo rekodi za bendi hizo mbili za kati ya mwaka 1979 na 1985 kwa mfuatano atasikia jinsi kila moja ilivyokuwa ikiijibu nyingine, na atakubali kwamba Mlimani Park ya miaka hiyo haijapata kufikiwa kwa mpangilio.

Kuhama kulikuwa ugonjwa wa utaratibu wenyewe. Mwajiriwa hakuwa na gitaa lake, hakuwa na hisa, hakuwa na mrabaha. Alichokuwa nacho ni kipaji, na njia pekee ya kukipandishia bei ilikuwa kukipeleka kwa mwajiri mwingine. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi hiyo na kuunda nyingine, International Orchestra Safari Sound, kwa kuwachukua kwa mkupuo wanamuziki wa Mlimani Park, wakiwemo Gurumo na Abel Balthazar. Mtindo wao ukaitwa Ndekule. Kwa muda mfupi jiji lilikuwa na kambi tatu. Ndekule haikudumu miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gurumo alirudi Msondo.

Wanawake walikuwa wengi kwenye sakafu ya ukumbi na wachache jukwaani. Katikati ya miaka ya 1960 liliundwa kundi la wanawake watupu, Women Jazz, lakini mfano huo haukuendelezwa. Kida Waziri wa Vijana Jazz, aliyeimba pamoja na Hemedi Maneti, ni miongoni mwa wachache waliopata jina kubwa, na wimbo wake "Wifi Zangu" uliwapa wake walioolewa sauti ambayo watunzi wa kiume walikuwa wakiwasemea tu.

Maneti alifariki mwaka 1990, na utaratibu uliomlea ulikuwa unakwisha. Mashirika ya umma yalikuwa yakipata hasara, na masharti ya mageuzi ya uchumi yaliyataka yapunguze wafanyakazi au yauzwe. Bendi ilikuwa kitu cha kwanza kufutwa kwenye bajeti. Vyombo vilivyochakaa havikubadilishwa. Disko lilihitaji mtu mmoja na mashine, wakati bendi ilihitaji watu kumi na zaidi, na kanda zilizodurufiwa mitaani hazikumpa mtunzi chochote. Radio One ilipoanza mwaka 1994, ikifuatwa na stesheni nyingine binafsi, Radio Tanzania haikuwa tena mlango mmoja wa kupitia, na kizazi kilichokua kikisikiliza rapu kikaanza kutengeneza Bongo Fleva. Marijani Rajab alifariki mwaka 1995.

Bendi mbili kubwa zilijifunza kuishi bila mwajiri. Ya wafanyakazi, baada ya kuitwa OTTU kwa jina jipya la chama chake, ilibaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma, na Mlimani Park ikaendelea kupiga na kukutana nayo kwenye mipambano ya sikukuu. Michael Enoch, Kasheba, Balisidya na TX Moshi William walifariki katika muongo wa kwanza wa karne hii au karibu yake. Chidumule aligeukia nyimbo za injili, na Remmy naye alifanya hivyo kabla ya kifo chake Desemba 2010. Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya takriban nusu karne ya kuimba, akafariki Aprili 2014.

Kilichobaki cha kazi yao ni ile mikanda ya redio, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Ni maelfu ya nyimbo ambazo nyingi hazikuwahi kutolewa kwa santuri, na sehemu yake tu ndiyo imehamishiwa kwenye mifumo ya kidijitali. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na chama cha kusimamia haki za watunzi, COSOTA, zilikuja wakati watunzi wengi walikuwa wazee au wamekwisha kufa. Kazi ilirekodiwa na mwajiriwa wa shirika lililokwisha kuvunjwa, kwa vyombo vya shirika hilo, katika studio ya serikali, na alilipwa ada mara moja. Familia za wanamuziki zimebaki na swali la nani anastahili kulipwa wimbo unapopigwa tena.